Uso wa Masizi: Habari za Kujipaka Rangi Usiku wa Halloween

  Soma polepole. Ukifika penye neno gumu, simama, lisome tena kwa sauti, kisha endelea. Hakuna anayekuharakisha.

Katika masomo yetu ya historia tumekwisha zoea kusikia habari za wafalme, vita na mikataba. Leo nitakueleza habari za kizibo cha chupa. Usicheke. Kizibo kile kinachotengenezwa kwa gome laini la mti, ukikichoma kwenye mshumaa na kukiacha kipoe, huwa na masizi meusi sana ambayo hushika ngozi vizuri. Kwa masizi hayo mtoto wa maskini aliweza kujificha asijulikane na jirani zake usiku mmoja katika mwaka. Na kwa masizi hayo hayo watu wazima, waliotaka fedha, waliwadhihaki watu weusi majukwaani kwa zaidi ya miaka mia moja. Kizibo ni kimoja, lakini kazi zake zilikuwa mbili, nazo zote mbili nitakueleza.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: Halloween. Ni neno la Kiingereza, nalo hutamkwa "halowini". Ni jina la usiku wa tarehe 31 Oktoba. Wakatoliki waliomo darasani wanaijua siku inayofuata, tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, na ile ya pili yake, tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu. Basi Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu. Sikukuu yenyewe iko katika makanisa yetu, lakini mchezo wa usiku wa kuamkia sikukuu ulikulia mbali na hapa, katika nchi za baridi za Ireland na Scotland.

Kabla ya Ukristo kuingia katika nchi hizo, watu wake waliuhesabu wakati huo kuwa mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi. Ng'ombe walirudishwa kutoka malishoni, giza liliingia mapema, na watu walisema kwamba usiku huo mizimu hutembea. Sikukuu yao iliitwa Samhain. Huandikwa hivyo, lakini hutamkwa "sawini", kwa hiyo usione haya ukikosea. Waingereza wenyewe hukosea.

Hapa nikuonye kidogo. Vitabu vingi husema kwamba watu hao wa kale walivaa ngozi za wanyama na kujipaka majivu ili mizimu isiwatambue. Ni hadithi nzuri ya kusimuliwa. Lakini watu hao hawakuandika habari zao wenyewe. Habari za zamani tulizo nazo ziliandikwa na watawa Wakristo wa Ireland baadaye sana, nazo hazisemi wazi kwamba watu walipaka nyuso usiku ule. Ushahidi ulio wazi juu ya watu kujigeuza sura na kwenda nyumba hadi nyumba waanza Scotland, katika karne ya 16. Tuanzie hapo, penye ushahidi.

Fikiri basi kijiji cha wakulima huko Scotland, miaka mia mbili au mia tatu iliyopita. Hakuna taa njiani. Vijana wanataka kwenda kubisha hodi katika nyumba za jirani, na sharti la mchezo ni kwamba jirani asiwajue. Watatumia nini? Fedha za kununulia rangi hawana, na hata wangekuwa nazo, duka la rangi halipo. Basi wanageukia jikoni. Chini ya sufuria mna masizi. Katika pipa mna unga. Mekoni mna mkaa, na sandukuni mna nguo kuukuu za baba na za bibi. Kijana anapaka masizi uso mzima, anavaa koti lililogeuzwa ndani nje, au anavaa gauni la dada yake. Dada naye anavaa suruali ya kaka. Mkononi wanabeba taa iliyochongwa kutoka katika mzizi mkubwa wa mboga, mfano wa figili nene, uliotobolewa macho na mdomo na kutiwa mshumaa ndani.

Wanabisha hodi na kuingia. Sasa mwenye nyumba anaanza kazi yake ya kukisia. Huyu ni nani? Mwana wa mhunzi? Mbona anatembea kama mwana wa mwashi? Wageni nao wanaigeuza hata sauti. Kisha kila mmoja huimba wimbo, au husoma beti, au hucheza ngoma kidogo mbele ya moto. Akimaliza hupewa tofaa, kokwa za kula, au senti. Mwenye nyumba mchoyo, asiyefungua mlango, aliweza kuamka asubuhi akakuta lango lake limeng'olewa na kutupwa shambani, au bomba lake la moshi limezibwa kwa majani.

Tazama jinsi masizi yalivyofanya kazi hapo. Hayakumfanya kijana aonekane mzuri, wala hayakumfanya afanane na mtu fulani. Yalimfuta tu. Kwa usiku mmoja, mwana wa kibarua na mwana wa mwenye shamba walikuwa na uso mmoja, na wote wawili walikaribishwa sawasawa karibu na moto. Mimi naona hilo ni jambo kubwa katika nchi ambayo watu walijuana kwa ukoo na mali. Ndiyo maana wazee wa kanisa wa zamani hawakupenda watu wazima kwenda usiku nyuso zimefichwa: asiyejulikana ni nani huweza kutenda asilolithubutu mchana.

Tuvuke bahari sasa. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vya Ireland, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Njaa iliendelea mpaka mwaka 1852. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja waliihama nchi. Wengi wao walikwenda Marekani. Watu wa Scotland nao walikuwa wakihamia huko na Kanada. Mtu anayekimbia njaa hachukui mizigo mingi. Lakini desturi haina uzito, nayo ikasafiri bure. Huko ugenini wakakuta boga, ambalo ni kubwa na laini kuchonga kuliko ule mzizi wa kwao, na taa ya boga ikazaliwa.

Mwaka 1911 gazeti la mji wa Kingston, katika Kanada, liliandika habari za watoto waliojigeuza sura na kwenda nyumba hadi nyumba usiku huo. Mwaka 1927 gazeti jingine la Kanada, katika jimbo la Alberta, lilichapa yale maneno ambayo sasa watoto wa Marekani wote huyasema mlangoni, na maana yake ni hii: nipe kitu kitamu, la sivyo nitakufanyia ukorofi. Katika miaka ya 1930, wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi, ukorofi wa vijana katika miji ya Marekani ulizidi hata ukaharibu mali. Wazee wa miji wakaona ni nafuu kuwafanyia watoto karamu na kuwagawia peremende. Vita Vikuu vya Pili vilipofika, sukari ilikuwa ya mgao, toka mwaka 1942 mpaka 1947, na mchezo ukapungua. Vita vilipokwisha, ukarudi kwa nguvu.

Lakini kitu kimoja kilibaki nyuma. Katika Marekani, watu wengi waliacha sharti la kuimba. Mtoto hubisha, hunyosha mfuko, hupewa, huondoka. Kwa maoni yangu hapo mchezo ulipungukiwa utamu, ingawa peremende ziliongezeka.

Sasa turudi kwenye kizibo, maana nilikuahidi kazi yake ya pili.

Yapata mwaka 1830, Mmarekani mmoja mweupe, jina lake Thomas Rice, alipanda jukwaani akiwa amepaka uso masizi ya kizibo, amevaa nguo mbovu, akaimba na kuchezacheza akiigiza mtumwa mweusi. Jina la mtu aliyemwigiza lilikuwa Jim Crow. Watazamaji walicheka sana, na Rice akapata fedha nyingi Marekani na Uingereza. Wengine wakamfuata. Mwaka 1843 kikundi cha wazungu wanne kilionyesha mchezo mzima wa namna hiyo huko New York, na tangu hapo vikundi vya nyuso za masizi vikaenea katika kila jimbo. Vizibo vilichomwa, vikasagwa vikawa unga, vikatiwa maji, vikapakwa. Midomo ilichorwa mikubwa kwa rangi nyekundu au nyeupe. Mtu mweusi wa jukwaani alikuwa mvivu, mwizi wa kuku, mpumbavu wa kuchekesha. Wakati huo huo watu weusi wenyewe walikuwa wakiuzwa sokoni.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, lakini mchezo haukukoma. Majimbo ya kusini yalitunga sheria za kuwatenga weusi katika shule, magari na mikahawa, na sheria hizo watu walizipa jina gani? Jim Crow, jina lile lile la jukwaani. Zilivunjwa kwa sheria za mwaka 1964 na 1965. Ndugu msomaji, pima jambo hili: masizi yaliyosuguliwa usoni kwa mzaha yaliacha jina lake katika sheria zilizowaonea mamilioni ya watu.

Nitakutajia mtu mmoja tu. Bert Williams alizaliwa Nassau, katika visiwa vya Bahama, mwaka 1874. Alikuwa mtu mweusi, msanii hodari wa kuimba na kuchekesha, na toka mwaka 1910 alicheza katika jumba kubwa la michezo la New York pamoja na wazungu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa. Lakini watazamaji walikwisha zoea kwamba mweusi wa jukwaani ni mweusi wa kizibo. Kwa hiyo Williams, mwenye ngozi yake aliyopewa na Mungu, alikaa mbele ya kioo kila usiku akapaka masizi juu yake. Walimtaka kama walivyomchora wenyewe. Alifanya hivyo karibu maisha yake yote ya kazi, akafa mwaka 1922.

Unaweza kuuliza: je, hayo yanahusu nini na Halloween? Yanahusu sana. Michezo hiyo haikubaki katika majumba makubwa. Vitabu vya kuifundisha viliuzwa kwa vilabu, shule na hata makanisa, na namna ya kuchoma kizibo ikawa elimu ya kila nyumba. Usiku wa Halloween ulipofika, mtoto mweupe aliyekosa vazi alipakwa masizi uso mzima, na mara hii hakuwa anajificha kama yule wa Scotland. Alikuwa "mtu mweusi". Uingereza nako televisheni ya taifa ilionyesha waimbaji wa nyuso za masizi tangu mwaka 1958 mpaka 1978. Na Oktoba mwaka 2018, mtangazaji mmoja maarufu wa televisheni ya Marekani alisema hadharani kwamba alipokuwa mtoto haikuwa vibaya kujipaka hivyo kwa Halloween. Siku iliyofuata aliomba radhi, lakini kabla ya wiki kwisha kipindi chake kilifutwa. Wako waliosema ameonewa kwa neno dogo. Sisi ambao ngozi hiyo ndiyo yetu ya kila siku, tusioweza kuioga ikatoka usiku ukiisha, tunajua kwa nini neno hilo halikuwa dogo.

Haya, mwalimu, wape darasa nafasi ya kupumua kidogo. Halafu tuingie katika habari za rangi zenyewe, maana masizi si rangi pekee.

Wachezaji wa jukwaani huko Ulaya zamani walitumia chaki kwa weupe, vumbi la matofali kwa wekundu, na masizi kwa weusi, wakishikiza kwa mafuta ya wanyama. Matajiri nao walipenda poda nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Ndiyo risasi ile ile iliyotumika kutengenezea risasi za bunduki, ikaipa jina lake. Ilipendeza sana machoni, lakini ni sumu iingiayo mwilini kidogo kidogo. Mwaka 1760 mke mmoja wa mtu mkubwa wa Uingereza, Maria, Countess wa Coventry, aliyesifiwa kwa uzuri, alikufa akiwa bado kijana, na watu wa wakati wake walisema kilichomwua ni poda yake.

Baadaye akaja Mjerumani, Ludwig Leichner, mwimbaji wa opera. Yeye alikuwa akijipaka rangi kila usiku kwa ajili ya kazi yake, kwa hiyo alijua ubaya wake kwa ngozi yake mwenyewe. Mwaka 1873 alianza Berlin biashara ya kuuza rangi za mafuta zisizo na risasi, zilizofanyizwa vijiti na kupewa namba. Sasa mchezaji aliweza kununua namba fulani na kuwa na hakika ya rangi atakayopata. Vijiti hivyo vikaenea ulimwenguni.

Halafu sinema ikaja ikabadili kila kitu. Mpaka hapo, aliyejipaka usiku wa Halloween alitaka kuwa mtu asiyejulikana. Baada ya sinema, alitaka kuwa mtu anayejulikana na kila mmoja. Mwaka 1931 kampuni ya Universal ilitengeneza filamu ya Frankenstein. Hadithi yenyewe iliandikwa na mwanamke Mwingereza, Mary Shelley, nayo ilichapwa mwaka 1818: ni habari ya msomi aitwaye Frankenstein aliyetengeneza kiumbe akakipa uhai. Watu wengi humwita kiumbe Frankenstein, lakini hilo ni jina la aliyemtengeneza. Kiumbe hakupewa jina.

Fundi wa kupamba nyuso alikuwa Jack Pierce. Alikaa na mchezaji Boris Karloff muda wa saa nne hivi kila siku ya kazi. Alijenga paji la uso na kichwa bapa kwa pamba na gundi ya majimaji iitwayo kolodioni, tabaka juu ya tabaka. Juu ya kope alitia nta ili macho yawe mazito kama ya mtu anayesinzia. Karloff mwenyewe alitoa meno yake ya bandia ya upande mmoja ili shavu libonyee. Kisha uso wote ukapakwa rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Kwa nini kijani? Filamu haikuwa ya rangi, ilikuwa nyeusi na nyeupe, na kijani hicho mbele ya kamera kilionekana kuwa weupe wa maiti. Watazamaji wengi wa mwaka 1931 hawakuona kijani chochote katika filamu. Leo mama au baba akitaka kumfanya mtoto wake kiumbe cha Frankenstein, moja kwa moja hushika kijani. Ilikuwa hila ya fundi, ikawa sura yenyewe.

Pierce hakusifiwa sana kazini mwake. Kampuni ilimwachisha katika miaka ya 1940, wakati mafundi wengine walipokwisha anza kutumia mpira mwepesi uliofinyangwa tayari, ambao haukuhitaji saa nne. Lakini mwaka 1957 filamu zake za zamani ziliuzwa kwa televisheni, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa zilipotengenezwa wakaziona sebuleni. Wakaanza kuuliza: hivi vinafanywaje?

Aliyewajibu alikuwa Dick Smith. Kijana huyu alisoma katika chuo kikuu cha Yale akitaka kuwa daktari wa meno. Akapata kitabu cha kupamba wachezaji, akaanza kujipaka mwenyewe na kuwatisha wenzake usiku. Meno akayaacha. Tangu mwaka 1945 alifanya kazi katika kampuni ya televisheni ya NBC, mahali ambapo ilimpasa kugeuza nyuso haraka, kwa fedha kidogo, mbele ya kamera zisizongoja.

Wakati huo mafundi wa kazi hiyo walificha siri zao kama waganga wanavyoficha dawa. Smith alifanya kinyume. Mwaka 1965 alitoa kitabu cha bei nafuu, chenye picha nyingi, cha kumwonyesha mtoto namna ya kutengeneza nyuso za kutisha nyumbani kwa vitu vinavyopatikana jikoni na dukani. Watoto walipomwandikia barua, aliwajibu. Hata damu yake ya bandia, iliyokuwa ya maji mazito ya sukari ya mahindi yenye rangi ya chakula, aliwapa watu namna ya kuichanganya. Walakini ujue kwamba ile damu ya kazini ilitiwa pia dawa ya kusafishia picha ili itiririke vizuri, na dawa hiyo ni sumu ikinywewa. Ya nyumbani haihitaji dawa hiyo. Sukari na rangi zatosha.

Mmoja wa vijana walioandika barua hizo alikuwa Rick Baker. Smith alimkaribisha mpaka nyumbani kwake. Mwaka 1982, tuzo ya Oscar ya kupamba nyuso ilipotolewa kwa mara ya kwanza kama tuzo ya kila mwaka, aliyeipata ni huyo Baker, kwa filamu ya mwaka 1981 ya mtu anayegeuka mbwa mwitu. Mwalimu wake naye alipata Oscar kwa filamu ya Amadeus, na mwaka 2011 akapewa nyingine ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote. Alifariki mwaka 2014.

Wengi lakini hawakuwa na subira ya Smith. Tangu miaka ya 1950 maduka yalijaa vinyago vya plastiki nyembamba, vyenye kamba ya mpira nyuma na matundu madogo ya macho. Mtoto alivaa kinyago akawa mara moja yule amwonaye katika televisheni. Ubaya ni kwamba hakuona vizuri njiani, na usiku wa Halloween barabara zina watoto wengi na magari. Kwa sababu hiyo madaktari wa watoto wa Marekani huwashauri wazazi wapake rangi usoni kuliko kumfunga mtoto kinyago. Uso wa kupakwa ukarudi, safari hii kwa ajili ya usalama.

Lakini rangi hizo zilitoka wapi? Mwaka 2009 chama kimoja cha kutetea usalama wa vipodozi nchini Marekani kilipima rangi kumi za usoni za watoto zilizouzwa madukani. Zote kumi zilikuwa na risasi ndani yake. Ilikuwa kidogo, lakini kwa mtoto hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, maana hudhuru akili inayokua. Leichner alikwisha ikimbia sumu hiyo mwaka 1873, na miaka mia na zaidi baadaye ilikuwa ikiuzwa katika vikopo vyenye picha za paka na malaika. Jambo hili lisikufanye uwacheke wa mbali. Wanja wa macho unaouzwa sokoni, aina nyingine husagwa kwa jiwe lenye risasi, na kwa sababu hiyo Marekani hairuhusu wanja wa namna hiyo kuingizwa na kuuzwa kama kipodozi. Mama anayempaka mtoto mchanga wanja ni vizuri aulize umetengenezwa kwa nini.

Basi wazazi wengi wa huko wamerudi jikoni kama vijana wa Scotland. Huchukua wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini kama poda, huuchanganya na mafuta mazito ya kupaka mwilini na maji kidogo, kisha hutia tone la rangi ya chakula. Hupakwa kwa brashi laini au kidole. Si rangi kali kama ya dukani, na rangi ya chakula huweza kubakia kwenye ngozi hata siku moja au mbili, hasa nyekundu. Kabla ya kumpaka mtoto uso, hupakwa kidogo mkononi na kuachwa. Kama ngozi ikiwasha au ikivimba, rangi hiyo haimfai, iwe ya jikoni au ya duka. Karibu na macho haipelekwi rangi isiyotengenezwa kwa ajili ya macho. Wakati wa kulala rangi yote huondolewa: kwanza mafuta kidogo na kitambaa laini, halafu sabuni na maji ya uvuguvugu, pasipo kusugua kwa nguvu.

Na kizibo? Kizibo bado kipo. Huchomwa, huachwa kipoe kabisa, kisha huchorewa sharubu za paka au ndevu za mharamia wa baharini. Huko Scotland taa ya ule mzizi wa mboga imekwisha shindwa na boga, na peremende za dukani zimechukua mahali pa kokwa. Lakini katika nyumba nyingi mpaka leo mtoto aliyejipaka uso hapewi kitu mlangoni. Huingizwa ndani kwanza, husimama katikati ya chumba, huimba wimbo wake au husema mzaha aliojifunza, nao wenye nyumba humtazama wakibuni: huyu ni mtoto wa nani?